Bangili ya Bibi na Mwamini wa Ulaya

Harufu ya ndimu iliyokamuliwa juu ya majivu hunirudisha kila mara kwenye ua wa nyumba yetu ya Rwezamenyo, Kigali, pale penye bomba la maji na karo la saruji lililopasuka katikati. Hapo ndipo nilipokaa kila mkesha wa Idi, bangili ya Bibi mapajani, nikiisugua kwa kitambaa nilichookota chini ya cherehani ya Baba mpaka fedha iache weusi wake. Ilikuwa bangili nene, isiyo na urembo isipokuwa mstari mmoja uliochongwa kuizunguka. Bibi aliipata kwa mama yake, na mama yake alivishwa na mumewe, mtu wa pwani aliyefika huku na mizigo ya vitambaa akasahau njia ya kurudi kwao. Kuivua ilikuwa kazi yangu, kwa sababu mkono wa Bibi ulikuwa umenenepa na bangili haikutoka hivi hivi. Nilimpaka sabuni ya mche kwenye kifundo, nikamtia mafuta kidogo juu ya vidole, nikamkunjia kidole gumba ndani ya kiganja, kisha nikaizungusha polepole badala ya kuivuta. Baba aliwahi kujaribu siku moja akaivuta kama mtu anayetoa ng'ombe shimoni, na Bibi akamchapa kofi la mgongo, mtu mzima na ndevu zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa ila mimi.

Mimi naitwa Mwamini, na Bibi naye aliitwa Mwamini. Kwetu watu wa jina moja huitana somo, na jina hilo nililivaa kama wengine wanavyovaa dhahabu. "Somo, niletee maji ya udhu." "Somo, nitungie uzi kwenye sindano, macho yangu yamekataa." Nililala naye kitanda kimoja, nikajua upande anaougeukia mvua ikinyesha. Nilijua pia kwamba yuko Mwamini mwingine, binti wa Shangazi Saada, dada yake Baba, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka uleule niliozaliwa mimi. Lakini huyo kwangu alikuwa picha ukutani, msichana mwenye koti kubwa aliyesimama kwenye theluji. Wahenga wamesema asiyekuwepo na lake halipo, nami nikiwa mtoto niliwaamini sana wahenga.

Yeye na mama yake walikuja wakati wa kiangazi, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani. Mtaa haukuhitaji hata siku nzima kututofautisha: yeye akawa Mwamini wa Ulaya, mimi nikawa Mwamini wa hapa. Wa hapa, kama vile mimi ni bomba au nguzo ya umeme. Wao walilala hoteli ya Gisimenti kwa kuwa kwetu hakukuwa na maji ya moto, wakaja kila asubuhi wananukia sabuni ya hotelini, na majirani wakaja kumtazama anavyokula ugali kwa uma. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilijipa moyo kwa ule msemo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nikaingoja siku ya tatu kwa hamu. Ilipofika, jembe sikuliona, bali kuku mwingine alichinjwa. Na mchana wa siku hiyohiyo Bibi akaita, "Somo!" Nilikuwa kwenye bomba, nikaacha ndoo ikifurika, nikakimbia, na nilipofika mlangoni nikakuta mwenzangu ameshaitika na amekaa kwenye mkeka wangu. Bibi alikuwa anamwita yeye.

Wivu wangu haukuwa wa koti wala wa viatu vyenye taa kwenye visigino, ingawa hivyo navyo nilivitaka. Nilimwonea wivu kwa sababu alipewa bila kufanya kazi kile nilichokuwa nakifanyia kazi tangu nijitambue. Shangazi alipotangaza kwamba atatupeleka sisi watatu, yaani Bibi, binti yake na mimi, kwenye likizo ya melini katika Ziwa Kivu, tukilala na kula humohumo huku chombo kikizunguka visiwa, mtaa mzima uliniambia nina bahati. Jioni kabla ya safari Bibi akaninyooshea mkono. "Somo, nivulie." Haikuwa Idi, lakini sikuuliza. Nilifikiri anataka kwenda likizo amependeza. Nikaleta sabuni na mafuta, nikaivua, nikakamua ndimu mbili badala ya moja, nikaisugua mpaka vidole vikaniwasha. Kisha Bibi akaichukua mkononi mwangu, akamwita mwenzangu mbele ya Baba, Mama na Shangazi, akamvisha. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," akasema. Shangazi alilia. Mimi pia nililia, na kila mtu akadhani ni kwa furaha.

Tulisafiri kwa gari la kukodi hadi Rubavu, ufukoni mwa ziwa, milima ikipanda na kushuka, Mwamini wa Ulaya akitapika kwenye mfuko na bangili ikimgongagonga puani, maana ilikuwa pana mno kwake. Chombo kilikuwa cheupe, cha ghorofa mbili, kikinuka dizeli, rangi mpya na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, waliokuwa wakikaangwa tangu asubuhi na mpishi mmoja, mwanamke mnene kutoka Goma. Vyumba vilikuwa vidogo, na ziwa lilikuwa kijani karibu na miamba na jeusi mbali nayo. Ningefurahi. Lakini alasiri ya kwanza nilivua sandali zangu za Idi, zile za ngozi nyekundu ambazo Baba alizinunua baada ya kushona suruali usiku na mchana, na niliporudi nikakuta moja tu. Nilizunguka chombo chote kwa mguu mmoja nikiulizia. Shangazi alinipapasa kichwa akasema tutanunua nyingine Kigali. Bibi akasema labda imetumbukia majini, Mungu atatoa nyingine. Mhudumu akasema pole. Hakuna aliyeinua hata mto mmoja wa kiti kuitafuta, nami mpaka kesho yake nikatembea peku kwenye mbao za moto.

Siku ya pili, adhuhuri ilipofika, Bibi alimpeleka mwenzangu kwenye bomba la nyuma ya jiko kumfundisha kutawadha. Nilisimama karibu na ngazi nikiwatazama. Mimi nilifundishwa nikiwa na miaka mitano, kwa kofi dogo kila nilipokosea, lakini yeye alikuwa akibembelezwa kiungo kwa kiungo. "Maji lazima yafike chini ya bangili," Bibi akamwambia. Sisi tuliokulia bombani tunajua kwamba inatosha kuizungusha ili maji yapite. Yeye, kwa kuwa ilikuwa pana na kwa kuwa alitaka kutii sana, aliivua kabisa akaiweka juu ya ukingo wa karo, akamaliza, akapanda juu kuswali akiwa ameshika mikono yake mbele kama mtu aliyebeba maji. Bibi alibaki chini kutawadha yeye mwenyewe, kisha akapanda akiwa amekwishavaa baibui lake la mikono mirefu. Tulikuwa tumemaliza kuswali ndipo Mwamini wa Ulaya alipotazama kifundo chake. Aliteremka mbio. Ukingo ulikuwa mtupu.

Hapo niliona kitu ambacho sitakisahau. Chombo kizima kilisimama kwa ajili yake. Nahodha alizima injini, abiria wakainuka, magodoro yakapinduliwa, gunia la mchele likamwagwa kwenye beseni na kupepetwa. Mhudumu alijiapiza mpaka akachoka. "Hapa kwa bato hakuna mwizi, mama. Kitu ikipotea, iko ndani tu." Bibi mwenyewe alipiga magoti akipapasa chini ya benchi, akisema, "Usilie, somo, usilie." Mwenzangu alilia bila sauti, akiniambia kila aliponipita, "Samahani, Mwamini, samahani," kana kwamba anajua kilichomo moyoni mwangu. Nami nilitafuta, kwa sababu kutotafuta kungeonekana. Katikati ya hayo yote mpishi alifungua sanduku la makoti ya kuokolea, akaingiza mkono hadi kwapani, akatoa sandali nyekundu ya ngozi. Akaitazama. "Hapana, hii si yenyewe," akasema, akaitupa pembeni na kuendelea kutafuta. Niliiokota mwenyewe. Nilikuwa nimepata changu, lakini hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniambia heri.

Jua lilipoanza kulegea Bibi akasema basi, tumeshindwa, sasa tuombe. Tulikaa juu, abiria wengine nao wakakaa kwa heshima, Wakatoliki kwa Waislamu. Bibi akainua mikono, na mikono ya baibui ikateleza hadi kwenye viwiko. Bangili ilikuwa kwenye kifundo chake cha kulia. Aliikuta ukingoni pa bomba baada ya udhu, akaisukumia kwenye mkono uliolowa na kuteleza bila kufikiri, kama alivyofanya kila nilipomaliza kuisugua, na kisha akatumia mchana mzima kuitafuta. Mimi niliiona kabla ya mtu yeyote. Sikusema neno, kwa sababu dua haikatizwi, na kwa sababu moyo wangu ulikuwa umejaa shukrani mpaka kooni. Nilifikiri Mungu amehukumu. Imetoka kule ilikopotelea, imerudi kwenye mkono wake, na mkono wa Bibi ni wangu. Niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Ni mpishi aliyeharibu. "Mama," akasema kwa upole, "na hiyo iko mkononi yako ni ya nani?"

Watu walicheka mpaka chombo kikayumba. Bibi alicheka hadi machozi yakamtoka, akajaribu kuivua, ikagoma. Shangazi akajaribu, ikagoma. "Mama, acha tu," Shangazi akasema, "labda imependa kubaki." Mwenzangu alitikisa kichwa akasema ni sawa, Bibi, ni sawa, ingawa macho yake hayakuiacha bangili. Nikasubiri nimeuma meno. Nilijua kwamba katika chombo kile, pengine katika dunia nzima, ni mimi peke yangu niliyekuwa na ufunguo wa ule mkono. Bibi naye alijua. "Nilichotoa nimetoa," akasema, akaninyooshea mkono. "Somo, nivulie."

Mpishi akaleta kipande cha sabuni na mafuta ya kukaangia yaliyonuka sambaza. Nilipaka kifundo, nikapaka vidole, nikamkunjia kidole gumba, nikaanza kuzungusha, watu wote wamenitolea macho. Bibi aliinama karibu na sikio langu. "Bangili inasafiri, mwanangu," akaninong'oneza. "Mkono unabaki na wewe." Bangili ikatoka. Akasema nimvishe mwenzangu, nikamvisha. Nikiwa na miaka kumi na mmoja niliyapima maneno yale nikaona nimepunjwa, maana mkono nilikuwa nao tangu zamani, na mtu hapewi kilicho chake kisha akaambiwa amepewa.

Walirudi Ubelgiji, na nikaja kumwelewa Bibi taratibu. Miaka mingi baadaye niliukanda mkono ule kila jioni, ukiwa na alama nyeupe pale bangili ilipokuwa, na aliniita somo mpaka pumzi yake ya mwisho, na hakukuwa na mwingine wa kuitika kabla yangu. Nilianza hata kujiona mshindi. Lakini tulimzika, na mkono tukauzika nao, huku bangili iking'aa Ulaya bila kupungua hata chembe. Bibi alisema kweli, ila ukweli wake ulikuwa na umri wake. Leo nina duka langu la kushona papa hapa Rwezamenyo, nyumba ina maji ya moto, na Baba anakaa mlangoni akiwasalimu wateja. Watoto wangu wakisikia habari za likizo ya melini huuliza tuliona visiwa vingapi. Mimi sikumbuki visiwa. Nakumbuka sanduku la makoti ya kuokolea na mwanamke anayesema hii si yenyewe.

Juzi Mwamini wa Ulaya alinipigia simu ya picha. Hatukosani, tunasalimiana kila Idi, na Kiswahili chake sasa kimenyooka. Alikuwa na shida. Daktari anataka avue bangili kwa ajili ya matibabu madogo ya kifundo, nayo imegoma, na sonara wa huko amemwambia hakuna njia ila kuikata. Akainua mkono mbele ya simu ili nione. Umenenepa, umejaa vilevile juu ya kifundo, na una kile kishimo kidogo chini ya kidole gumba nilichokuwa nikikisikia kila nikipaka sabuni. Ni mkono wa Bibi, ule ule. Yangu mimi ni miembamba kama ya mama yangu, na itakuwa hivyo hadi kaburini. Kwa hiyo sasa anayo bangili, na mkono pia anao.

"Somo," akaniita, "wewe ulikuwa unaivuaje?" Ndimu zilikuwa mezani na sabuni ya mche ilikuwa kwenye karo, ningeweza kumwonyesha pale pale. Nilimwambia asithubutu kumruhusu mtu aikate. Nikamwambia kazi hiyo haielezeki kwa simu, apande ndege aje Rwezamenyo, akae kwenye mkeka ule, aninyooshee mkono. Akacheka, akaona siachii, akaacha kucheka, akaanza kunitajia tarehe za likizo yake. Habari ya sabuni na mafuta sijamwambia.