Kufungua Pampu Ukweni

Gari liligoma kuwaka uani kwa mama mkwe wangu, kijijini Maguu, katikati ya msimu wa kahawa, nami nikafurahi. Pampu mpya ya mafuta ilikuwa kwenye buti. Nilikuwa nimeinunua Mbinga mjini baada ya gari kuanza kukohoa milimani, na kwa muda mrefu nilitamani watu wa ukweni waone kwamba mkwe wao hana mikono ya kushikia kalamu tu.

Usalama niliuzingatia mpaka nikawa kero. Mke wangu alinisaidia kusukuma gari hadi mahali pa wazi penye upepo. Nilichomoa fyuzi ya pampu, nikapiga starta kidogo ili presha ya mafuta iishe, kisha nikafungua waya hasi wa betri na kulegeza kifuniko cha tangi. Simu zote nikaziweka ndani. Halafu nikamtuma mke wangu jikoni: moto uzimwe.

Alirudi. "Mama anasema maharage hayajaiva."

Kwao mama mkwe na mkwe hawarushiani maneno. Neno zito hupitia kwa binti, na hata jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo.

"Mwambie petroli haisubiri maharage," nilisema, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni bila binti.

Nikasikia maji yakimwagwa kwenye kuni. Leo nikiikumbuka sauti ile natamani ardhi ipasuke, lakini siku ile niliona nimeheshimiwa.

Niliomba kitu cha kutandika chini, nikaletewa turubai. Nikang'oa kiti cha nyuma, nikapangusa mchanga usije ukaingia kwenye tangi, nikafungua skrubu za kifuniko cha pampu kilicho chini yake, na kuinua pampu taratibu, nikiilaza upande ili boya lake lisikwame. Niliiweka kwenye beseni, beseni likainama, na petroli ikamwagikia turubai. Sikujali. Hapakuwa na moto popote. Nikafunga pampu mpya na mpira mpya wa kuzuia uvujaji, nikarudisha waya na fyuzi, nikaacha harufu ipungue, nikawasha. Gari likaitika mara moja. Mke wangu akapiga kigelegele, nami nikatembea tembea uani kama jogoo.

Hapo manyunyu yakaanza kushuka kutoka mlimani. Maguu, manyunyu yakishuka wakati wa kahawa, hakuna anayesubiri kuitwa. Mama mkwe alitoka mbio na nailoni zake kuelekea vichanja vya mbali vya kuanikia kahawa, binti yake nyuma. Kichanja cha karibu kilikuwa kimejaa kahawa iliyomenywa, nyeupe, iliyokaribia kukauka, ile aliyoiosha na kuichambua punje kwa punje. Mimi, shujaa wa siku, nilinyakua turubai lililokuwa chini ya gari na kuifunika kahawa ile. Nikazibana kingo kwa mawe pande zote. Niliifunika vizuri sana.

Mvua ilipokatika, mama mkwe alifunua. Alichota kahawa kiganjani, akainusa, akainusa tena, akampa binti yake. Mke wangu alinitazama, na hakuna mtu aliyehitaji kunieleza. Mtoto yeyote wa Maguu anajua kwamba kahawa huvuta harufu. Haiwekwi chumba kimoja hata na vitunguu. Mimi nilidhani dhambi ya petroli ni kuwaka tu.

Aliianika tena na tena, jua kali, upepo mkali. Harufu haikutoka. Kwenye kikundi chao cha wakulima kahawa ya wote huchanganywa, na gunia moja lenye harufu huharibu ya kila mtu. Akaitenga. Kwangu alituma neno moja kupitia kwa binti: "Mwambie baba tunashukuru, gari limepona."

Siku ya kupeleka kahawa nilijitolea kuwaendesha. Alikaa kiti cha nyuma, juu kabisa ya pampu yangu, na gari lilipanda milima bila hata kikohozi kimoja. Natamani lingezimika.

Nilishusha magunia mwenyewe. Wanakikundi walikuwa wamepita kwake na kuona vichanja vilivyojaa, kwa hiyo mmoja akauliza, bila kumung'unya maneno, mbona mzigo ni mdogo. Kila mtu pale alielewa swali hilo. Anayepunguza mzigo huwa ameuza pembeni kwa walanguzi, na kwa mwanamke huyu, ambaye ndiye hutumwa kuwafundisha wenzake kutunza kahawa safi, ilikuwa afadhali kupigwa kofi.

Mke wangu alifungua kinywa. Mama yake akamgusa mkono.

"Nyingine nimeiharibu mwenyewe," alisema. "Nilimwaga mafuta ya taa stoo. Uzee huu, jamani."

Mwanamke mmoja akacheka kidogo na kusema, "Na wewe ndiye unayetukemea sisi!" Wengine wakacheka, naye akainamisha kichwa akacheka nao. Gunia la mwisho lilikuwa bado begani kwangu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema. Mke wangu alinitazama akinisubiri.

Watu wakaanza kumpa pole, mmoja baada ya mwingine. Ilipofika zamu yangu, nikatua gunia chini.

"Pole, mama," nikasema.