Fimbo Ndiyo Iko Mbovu, Si Mimi

Nawaambia mwenyewe kabla watu wa kwetu Songo hawajawaambia. Monitere wetu, anayetufundisha golfu, alitaka kuchagua mmoja wetu, sisi tunaoanza, aende kucheza Bujumbura, na mimi nilikuwa nimeshajichagua. Shida ni kwamba kila nikipiga, mpira ulipinda ukaingia ziwani kando ya uwanja.

"Mama Neema, unayumba," akasema. "Simama imara."

"Siyumbi! Fimbo yako ndiyo iko mbovu."

Akanipa nyingine. Mpira ukaenda majini vilevile. Nikalaumu mchanga, nikalaumu upepo, nikamwambia hajui kufundisha. Wenzangu wakacheka, nikawafokea: "Munacheka nini? Munifilme, tuone nani mwongo!"

Wakanichukua video kwa telefone. Nilipomaliza kupiga nikaipokonya niwaumbue.

Mwanamke niliyemwona humo aliinama, akayumbisha kiuno huku na huku, akaachia fimbo kwa mkono mmoja na kujipigapiga mgongoni taratibu. Ndipo akapiga mpira. Nilikuwa ninabembeleza mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe nilimwacha nyumbani kwa bibi yake.

"Mama Neema," monitere akauliza, "sasa amelala?"