Kidole Chini ya Kijiti

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilifika Malaba, mpakani na Uganda, asubuhi, viatu mkononi, maana njia ya kwenda shuleni ilikuwa tope tupu. Hedimasta alinipokea mlangoni. Hakuniuliza jina. Alinikabidhi boksi la chaki, akasema, "Hesabu yote ni yako, kidato cha kwanza na cha pili. Hapa hakuna mtu mwingine anayeitaka." Kisha akatazama miguu yangu. "Vaa viatu, Mwalimu. Hawa watakuhesabu vidole kabla hujawafundisha kuhesabu."

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, na yetu ilikuwa shule ya harambee: vyumba vya udongo kando ya reli, vilivyojengwa na wazazi wenyewe. Wazazi hao ndio waliomwajiri mwalimu, na wakichoka naye, ndio waliomfukuza.

Mimi ni Mmarachi wa Butula. Kule watu walizungumza Kiteso, nami nilijua salamu peke yake. Jioni wazee waliketi kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakicheka mambo nisiyoyaelewa. Sikunywa pombe, nililelewa kanisani. Nilipita nikisema "Yoga," wakaitikia "Yoga," na lugha yangu ikawa imekwisha. Chumbani nilikuwa na kitanda, taa ya chemni, na nambari.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe, ninyi mliokua na kikokotoo mfukoni. Gawanya tatu kwa kumi na moja. Utapata 0.272727, na hiyo ishirini na saba itazidi kurudi bila kukoma. Hiyo ndiyo desimali inayojirudia. Tarakimu hizo zinazofuatana bila mwisho, darasa langu liliziita mkia. Kazi ni kuirudisha desimali iwe sehemu, yaani nambari moja juu ya nyingine, kama ilivyokuwa kabla ya kugawanywa. Unaiita x. Unaizidisha kwa mia, kwa kuwa zinazojirudia ni tarakimu mbili. Nukta inaruka tarakimu mbili, lakini mkia unabaki vilevile. Sasa una 27.2727 na mkia wake juu, na 0.2727 na mkia wake chini. Unatoa. Mkia unafuta mkia, na x tisini na tisa zinakuwa sawa na ishirini na saba. Ishirini na saba juu ya tisini na tisa, ukirahisisha, ni tatu juu ya kumi na moja. Umerudi ulikotoka. Wengi walizidisha kwa kumi tu. Mikia ikakataa kulala sambamba, wakafuta na kufuta mpaka karatasi ikatoboka.

Nililipenda jambo hili, na sikuwa na wa kumwambia. Niliporudi chumbani nililitenda tena peke yangu, kama mtu anayejiimbia.

Siku moja niliandika ubaoni 0.999, na nukta za kuonyesha kwamba tisa haziishi. Nikazidisha kwa kumi, nikatoa, mikia ikafutana. x tisa ni sawa na tisa. Kwa hiyo x ni moja.

"Hapana, Mwalimu," ilisema sauti kutoka dawati la karibu na dirisha. Alikuwa Amoit, msichana wa kidato cha pili ambaye mama yake aliuza mboga sokoni. "Hiyo haijafika."

"Imefika. Tazama ubao."

"Naona ubao. Lakini hiyo ni debe ya Boss Were."

Darasa zima likaangua kicheko. Boss Were alileta mahindi kwa lori kutoka Kitale wakati wa njaa, akayauza kwa debe. Wanawake wa Malaba walikuwa na desturi yao: kabla ya kulipa, mama alilaza kijiti kilichonyooka juu ya mdomo wa debe, kisha akaingiza kidole chini yake. Kidole kikipita, debe halijajaa. Kwenye debe la Boss Were, vidole vilipita.

Nilifurahi mno. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amenibishia. Tulibishana mpaka kengele ikalia, na usiku nililala nikitabasamu. Lakini wenzake Amoit walilitangaza somo hilo sokoni kama kichekesho, na Boss Were naye alikuwa na masikio. Kina mama walipoweka kijiti tena, akawaambia, "Muulize mwalimu wenyu. Amesema tisa na tisa na tisa ni moja nzima. Hii debe imejaa."

Kesho yake wanawake walijaa uwanjani, wengine na madebe matupu kichwani. Mbele alikuwa Mama Amoit. "Tunajenga shule na jasho," alisema, "halafu mwalimu anafundisha watoto lugha ya wezi? Aende kwao Marachi."

Hedimasta alinivuta kando ya ukuta. "Kiri kwamba umekosea, yaishe. Ni nambari tu."

"Sijakosea, Hedimasta."

"Basi mimi simo. Utasimama peke yako."

Nilitaka kumwambia kwamba hilo nilikwisha kulizoea. Nilikuwa na kazi ile tu, na katika Malaba yote nilikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye, naye alizungumza ili anipinge. Nikaingia darasani, kina mama nyuma yangu. Nikamwomba Mama Amoit kijiti chake, nikaandika tena zile tisa ubaoni, nikakilaza juu yake.

"Amoit, njoo. Unasema haijafika. Niambie kidole kinapita wapi. Imepungua kiasi gani?"

Alisimama mbele ya mama yake. "Imepungua sehemu moja ya kumi."

Niliandika 0.9 na kuongeza sehemu hiyo. Ikawa moja, na tisa nyingine zote zikabaki zimemwagika nje. "Umezidisha."

"Basi moja ya mia."

"Weka 0.99, uongeze hiyo. Imekuwa moja, na bado nyingine zinamwagika."

"Moja ya elfu." Alitamka, akajijibu mwenyewe kwa kutikisa kichwa. Kila pengo alilolitaja lilikuwa kubwa kuliko pengo lililokuwapo. Kisha akawageukia kina mama, akasema nao kwa Kiteso. Sikuelewa neno. Nilisimama na vumbi la chaki mikononi, nikingoja kufukuzwa kwa lugha nisiyoijua.

Wakacheka. Mama Amoit akachukua kijiti chake. "Mtoto anasema tisa za Were zinaisha, ndiyo kidole inaingia. Zako haziishi, kidole inakosa mahali. Basi mwizi ni Were." Akanitazama viatu mpaka kichwa. "Kaa, Mwalimu. Lakini uoe, umekonda."

Mlangoni Amoit aliniambia polepole, "Nimeshindwa kuonyesha pengo. Lakini sijakubali. Nitafikiria."

"Fikiria," nikasema. "Muhula ujao tuendelee."

Muhula uliofuata hakurudi. Nilimkuta mama yake akifunga mafungu ya mboga. "Ameolewa ng'ambo," alisema, "upande wa Tororo."

"Anaendeleaje?"

"Ako tu sawa." Akainama kwenye mboga zake.

Nilihamia Nambale, chini ya mkuu wa shule aliyependa kengele kuliko masomo, kisha Osieko kando ya ziwa, ambako madaftari yalinuka samaki. Nilioa, kama nilivyoamriwa. Kila mwaka niliandika zile tisa ubaoni, nikakata mkia, nikageuka na kungoja. "Ndiyo, Mwalimu," walisema, wakanakili moja. Walifaulu mitihani, na sina lawama nao.

Sasa nimestaafu. Vijana wakinitembelea huniuliza kama kazi ilinitosheleza, na mimi hujibu ndiyo, haraka, ili tuendelee na chai. Lakini nikilaza kijiti cha Mama Amoit juu ya miaka yangu yote ya ualimu, najua mahali kidole kinapopita. Ni pale Malaba, kwenye dawati la karibu na dirisha, ambapo mtu alisema atafikiria.