Flashi ya Kwaya na Barua za Chama

Nitawaeleza, mcheke, yaishe.

Mimi ni karani wa chama cha wakulima wa majani chai karibu na Ogembo. Kompyuta ya ofisi ilipodai kwamba imejaa, nilitafuta folda nzito nikaipata ile ambamo programu ya barua pepe huweka barua zetu zote. Jina lake lilikuwa herufi zilizovurugika tu. Nikaihamishia kwenye flashi yangu, nikaielekeza programu isomee huko, nayo ikakubali. Meneja alinisifu mbele ya watu. Nikavimba kichwa.

Ijumaa mchana dada Moraa, mwalimu wetu wa kwaya, aliomba flashi ya kurekodia nyimbo siku ya Sabato. Nikampa hiyohiyo, maana Jumatatu asubuhi ingekuwa imerudi.

Na kweli ilirudi. Lakini kamati ilipokuja kusoma barua ya mnunuzi wa chai, programu haikuonyesha barua hata moja. Meneja akaniamuru nimpigie Moraa, na simu niiweke kwenye spika wote wasikie.

"Pole, ndugu yangu," Moraa akasema. "Flashi ilikuwa imejaa, nikafuta ile folda ya herufi za ajabu ili nipate nafasi. Lakini usiwe na wasiwasi, video za kwaya za miaka yote ziko salama. Si ulisema umezijaza kwenye kompyuta ya ofisi?"