Rasta za Dada Kwenye Ndoano

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya Musoma yalijaa kila kitu, na sangara wetu wote wakaenda kiwandani. Sisi tuliowavua tukarudishiwa mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyokwisha kuchunwa minofu. Iliniuma, na mpaka leo sijapoa.

Dada yangu aliletwa nyumbani kutoka Kiabakari, alikoolewa, kakonda mpaka anatisha. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja. Alikuja na rasta ndefu nyekundu, kichwa kinamuuma, tukazifumua mimi na mama.

"Nataka sangara wa leo," alisema. "Siyo panki. Nile mnofu kabla sijafa."

Mama akamwambia aache maneno hayo, kisha akatoka nje kulia.

Baba alikuwa mvuvi wa ndoano. Fulu, visamaki vya kutia chambo, walishakwisha, sangara kawamaliza, kwa hiyo alikuwaga anafunga manyoya ya kuku kwenye ndoano na kuikokota nyuma ya mtumbwi, ili sangara adhani ni kisamaki. Siku hiyo akaniomba zile rasta, nikampa. Alizikata urefu wa kidole, akazibana kwenye shingo ya ndoano kwa uzi, akapitisha kibiriti. Plastiki ikayeyuka ikashika fundo. Tulipozijaribu kwenye beseni la maji zilicheza vizuri kuliko manyoya.

Mama alipoona alifoka. "Nywele za mgonjwa unazipeleka ziwani? Una akili kweli wewe?"

"Hii plastiki, mama watoto. Imetoka dukani."

"Imekaa kichwani kwa mwanangu. Ni yake."

Baba akaenda zake. Jioni akaja na sangara. Dada alikunywa mchuzi, akala na mnofu kidogo, akatabasamu, nasi tukafurahi kama wajinga.

Juma halijaisha, akafariki. Wa kumwosha alikuwa shangazi, dada yake baba. Katika ukoo wetu nywele za marehemu haziachwi nje, anazikwa nazo. Shangazi akauliza zile rasta ziko wapi. Baba, mtu mzima yule, akainuka mbele ya waombolezaji akashuka ziwani, mchungaji anasubiri na jeneza liko wazi.

Akarudi na ndoano zilizobaki. Nyingine sangara walikuwa wamekata mshipi wakaenda nazo. Mama akachukua wembe, akaanza kukata mafundo moja moja. Ndoano ikamchoma kidole, baba akataka kumsaidia, mama akamsukuma mkono. Akazifua rasta kwa sabuni ya mche, akazichana kwa kitana cha dada, akazipanga kichwani pake chini ya kitambaa. Zilifunika upande mmoja tu, na bado zilinuka samaki. Mama akainama, akanusa, akaomba aletewe tena maji na sabuni. Shangazi akamshika mabega, wanaume wakafunga jeneza.