Jirani alimwita mama yangu mchawi, kisha fujo zikamleta kwa mlango wetu

Wakuu, niaje. Wale wako kazini wamejificha kwa choo na simu, na nyinyi pia nawasalimu.

Mimi humu huwa nasoma tu na kucheka. Leo wacha niandike. Sitaongeza chumvi, kwa sababu hiki kisa kilikuja kikiwa na chumvi yake ya kutosha. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana bado naishi hapo na kodi bado nalipa hapo.

Naishi Kinanie, kwa plot ya nyumba za chumba kimoja kimoja, geti moja la mabati. Watu wa kila kabila. Wengi tunafanya kazi za viwanda upande wa Athi River. Mimi ni Mkamba, kwetu ni Masii.

Mbele ya plot, kwa barabara, kuna duka la nafaka na gesi. Mwenye duka ni Baba Shiru, Mkikuyu, mtu mpole sana. Yeye na bibi yake, Mama Shiru, wanaishi nyuma ya duka, ukuta mmoja na mimi. Na huo ukuta, wakuu, ni mwembamba. Mtu akipiga chafya kule, huku unasema pole.

Sasa mama yangu akaja kutoka Masii. Alikuwa ametibiwa macho, na daktari alitaka amwone tena, kwa hivyo ikabidi akae kwangu. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya. Alipewa dawa ya matone na miwani nyeusi. Alikuwa haoni vizuri, kwa hivyo akitaka kujua wewe ni nani anakukazia macho, hapepesi, mpaka uongee.

Ongeza hapo kwamba yeye huamka alfajiri kuomba kwa Kikamba, na hajui kuomba polepole. Ongeza na kibuyu cha uji alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Nyinyi wenyewe mnajua vile watu wanasema kuhusu Wakamba na uchawi. Sina haja ya kueleza.

Siku moja mama alikuwa ameketi nje, kuku wa Mama Shiru akapita. Mama akamwangalia, akasema, "Kuku mzuri huyu."

Kesho yake kuku akafa.

Kumbukeni msimu huo kuku wa Kinanie nzima walikuwa wanakufa. Kulikuwa na ugonjwa. Lakini hao wengine hawakuwa wamesifiwa na mtu kutoka Masii.

Mama Shiru akaambia watu wa fellowship yake. Fellowship ikaambia kinyozi. Ukishaambia kinyozi, hiyo sasa ni taarifa ya habari. Nikaanza kupata mafuta yamepakwa kwa kizingiti cha mlango wangu asubuhi, mafuta ya kuombea. Watoto wakaacha kucheza mbele ya nyumba yetu. Na ajabu, nguo zangu zikaacha kuibiwa pale nje ninapoanika.

Mama hakujua lolote. Yeye alikuwa na yake. Alikuwa ananiambia, "Usiazimishe hao wa duka hata chumvi. Wakikuyu wataanza na chumvi, wamalize na mlango." Nikamwambia mama, shusha sauti, ukuta ni mwembamba. Akasema ukuta ni ukuta.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi kwa amani.

Halafu maandamano yakaanza. Sitaingia kwa siasa, kila mtu humu ana upande wake. Niseme tu walioandamana kwa barabara kuu walikuwa na sababu zao, na nyuma yao walikuja wengine ambao hawakuwa wanaandamana na chochote. Hao walikuwa wanatafuta TV na mitungi ya gesi. Viwanda vikafunga, magari yakaacha kutembea, mama akakwama kwangu.

Na kama kawaida yetu, wizi ulihitaji kupewa sababu nzuri. Ghafla ikaanza kusemwa kwamba hawa wenye maduka si wa hapa, ni wa kule, wamekula vya kutosha, warudi kwao. Baba Shiru amezaliwa Athi River. Sijui angerudi wapi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali. Nilikuwa nasonga ugali. Tukasikia kelele kwa barabara, mawe kwa mabati, na mtu akigonga kufuli ya duka. Baba Shiru na familia wakatoka kwa mlango wa nyuma, wakaingia ndani ya plot, wakaanza kubisha milango.

Milango yote ilikuwa imefungwa. Walibisha hata kwa dada mmoja wa ile fellowship. Huyo alizima redio, ndiyo ionekane hayuko.

Wakabaki na mlango mmoja. Ule wenye mafuta.

Nilisikia kidole kinabisha, polepole, kama mtu anayeomba mlango usisikie. Nikachungulia. Nikamwambia mama, "Ni Mama Shiru. Na bwana yake, na mtoto."

Mama akasema, "Sijakuuliza ni nani. Nimesikia ni mtu. Fungua."

Nikafungua. Wakasimama hapo kwa kizingiti. Huku nyuma watu wanataka kuwaumiza, na huku mbele, kwa akili yao, kuna mchawi. Niliona Mama Shiru akipima, wakuu. Kwa kweli alipima.

Mama akawaambia, "Ingieni. Lakini vueni viatu, nimepiga deki."

Wakavua. Watu wanakimbia kifo, wakapanga viatu vizuri pale mlangoni.

Geti likaanza kugongwa. Sauti ikasema, "Toeni huyo mtu wa duka! Nyinyi wengine hatuna shida na nyinyi!"

Mama akachukua fimbo yake akatoka. Nikamfuata nikimwomba arudi. Ni pale kwa geti ndiyo niligundua nimeshika mwiko, na una ugali.

Akafungua kale kamlango kadogo ka geti. Nje barabara ilikuwa imejaa vijana. Rungu, mawe, wawili watatu wana panga. Wa mbele alikuwa amefunga uso na kitambaa.

"Shosho, rudi ndani. Tunataka huyo mwenye duka."

Mama akamkazia macho. "Huyo mwenye duka anaitwa nani?"

Kijana akaangalia wenzake.

"Mnataka kuua mtu na hamjui jina lake?" Halafu akamwuliza kwa Kikamba, "Wi mwana wa uu?" Yaani, wewe ni mtoto wa nani.

Hilo swali, kwa Mkamba yeyote, lina uzito. Likiulizwa na mama mzee linakupeleka mpaka kwa kaburi la babu yako. Yule kijana akarudi nyuma kidogo. Nikajua huyu ni wetu, na mama yake yuko mahali fulani anamtafuta.

Ndiyo mmoja huko nyuma akapiga kelele, "Wasee! Huyo ndiye yule mama wa Masii! Yule aliua kuku kwa kumwangalia!"

Wale wa mbele wakaanza kujificha nyuma ya wenzao.

Wakuu, hapo tungekuwa tumeokoka. Mama angenyamaza tu, basi. Lakini nyinyi hamjui mama yangu.

"Nani ameua kuku?" akauliza.

Akanigeukia. "Wanasema nini hawa? Mimi ni mchawi?" Akawageukia. "Mimi nimeokoka! Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani! Nani ameniita mchawi? Asimame hapa nimwone!"

Kutoka kwa dirisha letu nikasikia Mama Shiru ananong'ona kama mtu anayekatwa, "Asikatae! Mungu wangu, mwambie asikatae!"

Mama akatoa miwani ndiyo aone vizuri ni nani amemtukana. Na macho ni yale mekundu, yanatiririka dawa. Akawapitia mmoja mmoja, polepole. Halafu akainua mkono, akasema, "Inameni vichwa niwaombee." Akaanza kwa Kikamba, kwa ile sauti yake ya alfajiri.

Hawakungoja amina. Walikanyagana. Viatu vilibaki kwa barabara kama mitumba siku ya soko.

Baadaye nilimwuliza kama hakuogopa panga. Akasema, "Panga gani? Mimi niliona wavulana watatu hivi."

Tukarudi ndani. Nikadhani tutacheka. Mama aliketi kwa kitanda. Halafu akauliza, "Hilo neno limetoka wapi?"

Nikaanza kusema ni uvumi tu wa watu, Mama Shiru akanikatiza.

"Ni mimi, mama. Kuku alikufa, nikasema."

Mama hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Akasema, "Nilikuwa na dada, Ndunge. Bwana yake alipokufa, shemeji zake walitaka shamba. Hawakusema wanataka shamba. Walisema watoto wa boma wanaugua kwa sababu yake. Neno moja tu. Watu wakalibeba, na siku moja wakaja na petroli. Alitoka hai, na nguo aliyovaa tu. Lakini roho yake haikupona tena. Alipokufa tulimzika kwetu, kwa sababu kule walimkataa hata akiwa maiti."

Mimi ni mtoto wake wa kuzaa na sikuwa nimewahi kusikia hiyo habari. Mimi nilijua huyo dada yake alikuwa mgonjwa tu.

"Leo hilo neno limewafukuza wale vijana," mama akasema. "Na nyinyi mnashukuru. Mimi nashindwa kushukuru."

Mama Shiru akaanza kulia. Alilia vibaya, mpaka mtoto naye akaanza.

Baba Shiru, yule mpole, akakohoa. "Mama, tumekukosea na tunaomba msamaha. Lakini na sisi tulisikia. Hiyo ya chumvi na mlango. Ukuta..."

"Ni mwembamba," mama akamaliza. Akafikiria. "Nilisema. Ni kweli nilisema."

"Kwa nini, mama? Tumekuibia nini?"

"Hakuna. Mama yangu ndiye alikuwa anasema hivyo. Na sidhani aliwahi kukutana na Mkikuyu hata mmoja."

Baba Shiru akacheka, akaona aibu ya kucheka, halafu mama naye akacheka. Ugali ulikuwa umeungua. Tukala tu hivyo hivyo, na maziwa.

Barabara zilikaa bila kufunguliwa kwa muda. Baba Shiru akawa anafungua duka nusu mlango, anapimia watu wa plot unga kwa deni, pamoja na wale walimfungia mlango. Mama akapika muthokoi, yale mahindi yaliyotolewa maganda, kwa mahindi ya duka, sufuria kubwa, kila mtu analeta sahani. Yule dada wa redio naye alileta sahani. Alijaziwa kuliko wote. Mama ana njia zake za kuadhibu mtu.

Na mimi nilipoitwa kazini, Mama Shiru ndiye alikuwa anaweka mama dawa ya macho. Nilirudi jioni moja nikawapata kwa mwangaza wa mlango. Amemshika kope na vidole viwili, ameinama karibu kabisa na lile jicho alilokuwa anaombea limpite. Mama anamwambia, "Usitetemeke, utanimwagia kwa pua."

Sasa hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Mama Shiru aliamua kurekebisha. Alienda kwa kinyozi, kwa wauza mboga, nyumba kwa nyumba, anasema, "Nilidanganya. Yule mama ni mtu wa Mungu. Kuku alikufa na ugonjwa."

Unadhani walisema nini?

Walisema amerogwa.

Kwamba alijificha nyumba ya mchawi, amekula chakula chake, sasa amefungwa akili. Fellowship ilimweka katikati wakamwombea, wanamwambia aseme ukweli. Anasema, huu ndio ukweli. Wanasema, mnasikia? Hiyo si sauti yake. Wateja wa duka lao wakaanza kununua kwingine.

Watu walewale aliowafundisha kuogopa, sasa walikuwa wanamwogopa yeye.

Magari yaliporudi, mama akawa anaenda nyumbani. Mama Shiru akasema lazima amsindikize mpaka stage, akambebea kiondo, wakashikana mikono. Mimi nikawa nyuma na begi. Watu walikuwa wanatupisha kwa njia kama msafara wa gavana.

Karibu na stage tukakutana na rafiki yake mkubwa wa fellowship. Mama Shiru akamsalimia kwa jina. Yule mama akainama chini, akavuka akaenda upande ule mwingine wa barabara.

Mama Shiru akasimama. Macho yakajaa machozi. Nilidhani mama atamwambia, umeona sasa. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Mama alimvuta mkono. "Tembea," akamwambia. "Usisimame kuwaangalia. Ukisimama, watasema unawahesabu uwaroge. Ndunge ndiye alinifunza hiyo."

Wakatembea.

Basi wakuu, nilichojifunza mimi ni kidogo. Wale vijana wa panga walikuja mchana mmoja wakakimbia. Lile neno bado liko Kinanie, limepanga nyumba na halilipi kodi. Landlord analipenda sana, anaambia wapangaji wapya kwamba hapa security ni ya hali ya juu.

Kama kuna mtu humu aliwahi kuanzisha uvumi kuhusu jirani na akafaulu kuurudisha wote, aje aseme alifanyaje. Mama Shiru anataka kujua, na nimemwahidi nitamsomea majibu yenu.

Na wewe ambaye tayari unaandika hapo chini kuuliza, "lakini mkuu, una uhakika mama si mchawi?", nilikuwa nakungojea. Karibu.