Ndoo ya Mgagani

Wiki iliyopita, katika chumba cha walimu cha shule ninayofundisha hapa Bilele, mwenzangu alifungua bakuli lake la chakula cha mchana, na harufu ya mboga iliyochachushwa ikajaa chumba kizima. Wengine walicheka, wakafungua madirisha. Mimi niliinamia madaftari niliyokuwa nasahihisha, lakini sikuona tena maandishi. Nilikuwa na miaka minane, niko Kishanda, nyumbani kwa Bibi mzaa mama.

Nilipelekwa huko baada ya baba kufariki. Mama alikuwa amepata kazi ya kupika katika nyumba ya wageni Bukoba mjini, akilala hukohuko, na mtoto hakuruhusiwa. Nyumba ya Bibi ilikuwa katikati ya kibanja, migomba imeizunguka kiasi kwamba jirani humwoni, unamsikia tu akikohoa. Bibi hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa maneno machache. Tuliweza kumenya ndizi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho pasipo neno. Mvua ikipiga bati nilifurahi, maana angalau kulikuwa na kitu kinachozungumza.

Kiangazi kilipokaribia, bibi shamba wa kata alikuja kuwafundisha akina mama wa jumuiya yetu kuhifadhi mboga ya mgagani. Majani yanaanikwa hadi yanyauke, yanashindiliwa kwenye ndoo safi, yanamwagiwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi na sukari kidogo. Juu yake inawekwa sahani na jiwe lililooshwa ili majani yasielee. Kisha mfuniko.

"Humo ndani kuna vijidudu vizuri," alieleza. "Vinakula ile sukari na kutoa uchachu, na uchachu ndio unaoilinda mboga isioze. Lakini vipo na vibaya, hivyo vinapenda hewa. Ukifunguafungua ndoo, unavikaribisha."

Mama mmoja akauliza kama hivyo vizuri vimeshabatizwa. Wote wakacheka, hata Bibi, na mimi nikamtazama kwa mshangao, kwa kuwa sikuwahi kuona meno yake ya nyuma.

Tuliandaa ndoo yetu siku iliyofuata, tukaiweka kwenye kona ya jiko. Bibi alipomaliza kufunika alisema, "Mama yako alipenda mgagani kupita nyama. Hii ikiiva, atakuja kuila."

Alisema tu kama watu wanavyosema. Mimi niliichukua kama ahadi. Mboga ikiiva, mama anakuja. Basi kazi yangu ilikuwa kujua imeiva lini. Bibi akienda kisimani, nafungua. Akienda kuchuma kahawa, nafungua. Viputo vidogo vilipanda pembeni mwa sahani vikapasuka kwa sauti hafifu, na mimi nilivisemesha. Niliviambia habari za shule, na kwamba hakuna aliyekaa nami wakati wa mapumziko. Nikachovya kidole, nikalamba, nikafunika. Wakati mwingine nilikuta mfuniko umekaa upande, nikadhani ni mimi niliyeusahau.

Baada ya siku kadhaa ukatokea utando mweupe, kisha madoa ya kijani, na harufu ikageuka kuwa ya kitu kilichokufa. Sikusema. Jumapili iliyofuata jirani alikuja na simu yake mkononi: Mama amepiga, hajapata ruhusa, hawezi kuja.

Nilijificha nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikalia hadi Bibi akanikuta.

"Koku, unaumwa?"

"Nimeiharibu mboga," nikamwambia. "Nilikuwa naifungua kila siku. Ndiyo maana Mama haji."

Alikaa chini kando yangu, juu ya majani makavu, taratibu kwa sababu ya magoti yake.

"Hata mimi nilikuwa naifungua," akasema.

Sikumwamini. Nilifikiri anasema hivyo ili ninyamaze, kama wakubwa wanavyofanya. Tuliimwaga ile mboga kwenye shina la mgomba, tukaiosha ndoo kwa maji ya moto, tukaanza upya.

Mama alikuja tulipokuwa tunakula ndoo ya tatu. Alikuwa amepanga chumba mjini na amekuja kunichukua. Bibi aliikaanga mboga kwa vitunguu na karanga, akamtazama mwanawe akila, yeye mwenyewe hakugusa. Asubuhi yake nilivaa viatu kabla hata ya chai. Njiani kuelekea barabarani nilitangulia mbele, begi langu mgongoni, na Mama ndiye aliyegeuka nyuma mara mbili, tatu. Mimi sikugeuka.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Nimekuwa mtu mzima, nina binti anayesoma bweni Muleba, na jioni najikuta nimesimama mlangoni mwa chumba chake bila sababu. Ndipo nimeelewa kwamba Bibi alisema kweli pale kwenye migomba. Wakati mimi niko shuleni, Bibi, mtu mzima vile, alikuwa akiinama juu ya ndoo kuona kama siku ya mwanawe kuja imekaribia. Tulikuwa wawili katika nyumba ile tukimngoja mtu mmoja, kila mmoja kwa siri yake. Na alipokuja, aliondoka na mimi.